Kadi Haikulipa Wali

Bibi, shikamoo. Nimefika Lushoto salama, ila moyo haujatulia.

Mchana nilikula wali na maharage kwa mama mmoja sokoni Mlalo. Nikiwa nimeshamaliza sahani, mvua ikaanza na mtandao ukakatika. Simu ikagoma kulipa. Kadi ya benki mama aliigeuzageuza, akanirudishia. Nje, gari la mwisho la Lushoto linapiga honi. Nilitoka jasho na baridi yote hii!

Mama akafungua pindo la khanga yake, akatoa noti. "Shika nauli, mwanangu. Hela ya chakula utanirushia mtandao ukirudi."

Mungu akutunze, Bibi, nawe nitunzie ile noti uliyonifungulia pindoni asubuhi ya safari, nikaikataa huku nacheka.

Mjukuu wako