Joto la Kabati la Gemu

Temeke, Jumanne usiku

Nimeligusa tena kabati la gemu. Mbao za mgongoni zilikuwa za moto kama pasi, na mie ndiyo kwanza natoka kazini. Televisheni niliyoifungia humo ndani tuchezee gemu la mpira imetoka Unguja. Ikiungua, hapa Dar sipati nyingine, maana huku Bara haziuzwi.

Nilimshuku shemeji Hamisi, mdogo wa mke wangu Zuhura, kuwa ndiye aliyeiwasha mchana, maana yeye hushinda nyumbani.

"Shemeji, mie sijaigusa," akasema, hata hakuniangalia.

Nikazunguka nyuma. Matundu yote niliyotoboa ili ipate hewa yamezibwa na kitambaa cheupe cha kudarizi, kimebanwa kwa pini. Kazi ya Zuhura.

"Lilikuwa kama limeliwa na mchwa," akasema Zuhura. "Wageni watatuonaje?"

Yeye eti alishinda kwenye foleni ya sukari. Sukari yenyewe sijaiona.

Kitambaa nimekibandua. Lakini kitambaa kinazuia hewa tu, hakiwashi televisheni.

Baada ya chakula nikamwambia Zuhura aje nimfundishe kucheza. Akakubali kwa upole. Akanifunga mara tatu, mkono mmoja kashika kikombe cha chai.