Aliyesimama Chini ya Upenu

Jumanne, Machi 1968. Mvua imekatika saa tisa, na mimi sina raha hata kidogo.

Asubuhi mwanafunzi mmoja aliniuliza maana ya neno la Kiingereza, eavesdrop. Mji wetu ni wa Kifaransa, Kiingereza ndiyo fahari yangu, basi nikafungua kamusi kubwa kwa mbwembwe. Nikawaeleza kwamba ni kudukiza. Asili yake ni pale chini ya upenu, maji ya mvua yanapodondokea. Zamani kule Uingereza, mtu aliyesimama hapo kusikiliza siri za wenye nyumba alishtakiwa.

Darasa likacheka. Nami nikacheka, tena kwa sauti.

Mnafiki mkubwa mimi.

Wiki mbili zilizopita mvua ilinikamata hapa Ngagara, nikajibanza ukutani kwa jirani yangu mjane, Mama Consolata. Ningebisha hodi angenikaribisha. Lakini ndani alikuwa akimwambia dada yake kwamba binti yake mwenyewe, Béatrice, anayeposwa, ana mtoto anayelelewa Uvira, ng'ambo ya ziwa. Nikatega sikio. Mvua ikaisha, mimi bado nimesimama.

Jumamosi iliyopita, kwenye pombe ya ndizi, nikamsimulia siri hiyo binamu wa mchumba wa Béatrice. Hakuna aliyeniuliza. Nilitaka tu waone kwamba mwalimu anajua mambo. Ulimi hauna mfupa, na wangu hata haya hauna.

Kesho yake wakwe walikuwa waje na pombe yao kuposa rasmi. Mama Consolata aliazima viti vyangu sita.

Hawakuja.

Leo alasiri amevirudisha, kavifuta mpaka vinang'aa.

"Aksanti, mwalimu. Bale batu habakukuya. Bamejua habari ya mutoto. Uniandikie barua kwa Kifaransa, nibaulize ni nani alibaambia. Mi naamini we tu."

Nikasema, ndiyo, mama. Sikuweza kumtazama usoni. Uani kwao Béatrice alikuwa akianua nguo, kichwa kakiinamisha. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe.

Barua nimeiandika. Maneno yake yote yamo, kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni. Asubuhi atakuja kuichukua.

Anauliza swali moja tu, na anayelijua jibu ndiye aliyeliandika. Je, nitamwambia kabla hajatia sahihi?