Picha ya Kichwa cha Mama

Kasongo, 9 Februari 2024

Yaya Asma, dada yangu mpendwa,

Assalam aleikum. Baridi ya huko Ubelgiji, Liège, imekuachia magoti yako? Watoto hawajambo? Sisi ni wazima wa mwili, mvua inanyesha vizuri, na vitenge vyangu vinauzika. Shemeji yako Nourdine amenenepa hata anaona haya kupita sokoni.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu nyumba yetu unaijua: Mama anasikia kila neno.

Uliniuliza kama ile hali ya Mama ya kusahau imeanza. Mwaka jana alipokutembelea, madaktari wa huko walimlaza ndani ya mashine wakaupiga picha ubongo wake, katika uchunguzi wao wa wazee. Kumbukumbu yake ilikuwa kali kutushinda sote. Lakini picha ilionyesha sehemu zinazowaka. Daktari alikueleza kuwa ni uvimbe wa ndani kwa ndani, ambao kwa watu wengine hutangulia usahaulifu kwa miaka, ingawa si kwa wote. Nawe ukaniambia, “Mama iko na moto mu kichwa.” Tangu siku ile namchungulia hata anapokunywa chai. Nilikukasirikia, yaya, sikufichi.

Sasa shida ni hii. Binti yangu Aziza amebeba jina la mama yake Mama, bibi yetu, na tangu azaliwe Mama humwita “mama” na kumwamkia kwa heshima, kama desturi yetu. Sote tulicheka. Basi nitajuaje siku mchezo ulipokwisha?

Juzi walikuwa wakimenya karanga uani. Mama akapiga magoti mbele ya mtoto, machozi yanamtoka: “Mama, usinitume kule Wamaza kwa ile mwanaume.” Aziza ana miaka saba. Hakushtuka. Akamshika kichwa akasema, “Ikala hapa, usiende, mwana yangu.” Mama akatulia, akarudi kwenye karanga zake.

Nilimuuliza Aziza nani alimfundisha maneno yale. Akasema ni Bibi mwenyewe, humfundisha wakiwa peke yao, tena humrekebisha sauti mpaka iwe sawa. Yaya, mimi naogopa kumwacha mtoto naye, na naogopa zaidi kumtenganisha naye, kwa sababu sijui akikosa “mama” yake atamtafuta wapi.

Asubuhi nyingine ni Mama yuleyule, ananikaripia ugali ukiwa mwepesi. Kwa hiyo siwezi kuapa kuwa ni ule moto. Ila kama unaweza kuja, usingoje likizo.

Nourdine anakusalimia, na Aziza, na mama mkubwa Nuru wa Nyangwe. Mungu akulinde wewe na wanao, awape riziki isiyo na jasho jingi.

Nilimwomba Mama naye akutumie salamu. Akanitazama, akaweka kidole mdomoni. “Asma? Iko analala mu chumba. Andika polepole, usimuamushe.”

Mdogo wako anayekuhitaji,
Faridah