Sharafa za Mzee Masanja

Ijumaa, Nyakisasa

Leo nimejivunia mkono wangu, na sioni haya kuandika hivyo.

Mzee Masanja, mfugaji aliyehamia huku kutoka Shinyanga, aliingia saluni asubuhi. Nikamwamkia, "Shikamoo, baba." Akaitika "Marahaba," kisha akaangaza macho. "Kinyozi yuko wapi?"

"Ni mimi."

Akasita. Nilidhani ataondoka, kama wengine wanaomkuta mwanamke ameshika mashine. Lakini kesho anamwoza binti yake, akaketi.

Sikio lake la kushoto liliwahi kuraruliwa na pembe ya ng'ombe, likashuka. Vinyozi wote hupima sharafa zake kwa masikio, ndiyo maana nywele zile za mashavuni hubaki moja juu, moja chini. Niliogopa. Nikikosea upande mmoja, nitahangaika kusawazisha mpaka ziishe zote.

Nikaachana na masikio. Nikapima kwa pembe za macho, nikazichana kuelekea chini, nikapunguza kidogo kidogo, nikamalizia kingo kwa wembe mpya. Kila mara nilirudi nyuma nikamtazama kwenye kioo.

Naye alijitazama muda mrefu. "Binti yangu," akasema, "miaka yote hii nilidhani uso wangu ndio umepinda."

Nilimpangusa shingo tu, macho yangu yakiwa...

Basi. Kesho sifungui saluni. Nimealikwa harusini, na mzee amesema nitakaa na ndugu wa bibi harusi.