Nilimdanganya Mwalimu Katika Utafiti Wake, na Ameniamini

Kwako Shangazi Jepkemboi,

Nakusalimu kwa heshima na naomba unisome hadi mwisho kwa sababu sina mwingine wa kumwambia. Nina miaka kumi na minane, nilimaliza kidato cha nne mwaka jana, na tangu hapo niko nyumbani Matete nikingoja kuitwa chuoni, wenzangu wameenda kwa jamaa zao Nairobi na Eldoret, mama yuko sokoni kutwa, na siku nyingine jua huzama sijafungua mdomo ila kufukuza kuku kwenye mahindi.

Mtu pekee anayenipigia simu ni Mwalimu Khalayi, aliyetufundisha Kiswahili. Mwaka jana alianza utafiti juu ya darasa lake mwenyewe, hakutumwa na chuo chochote, alitaka tu kujua kwa nini wengine wetu hatuzungumzi katika kipindi chake, basi akawa anaweka simu juu ya dawati na kurekodi, kisha akatupa karatasi za maswali tujibu bila kuandika majina. Mimi ni mmoja wa wale wasiozungumza. Sababu niliijua, lakini alikuwa akipita katikati ya madawati na nikaona ataumia akiisoma, nikaandika kwa herufi kubwa, ili asiutambue mwandiko wangu, kwamba ninanyamaza kwa sababu kwetu tunaongea Kiluhya tu na Kiswahili kinanishinda. Si kweli, Shangazi. Hilo ndilo somo nililolipenda kuliko yote.

Mwezi huu ameniita kwake nimsaidie kuandika neno kwa neno yaliyo katika rekodi zile. Ninakaa jikoni kwake na simu sikioni, ananiletea chai, na hizo ndizo siku zangu nzuri. Lakini nimesikia kile nilichokijua. Mwalimu anauliza swali, anasema "Haya, nani?" na kabla mtu hajavuta pumzi anamwita Were, yule hodari wa darasa letu, au anajibu mwenyewe. Nimepima kwa saa ya simu, ni sekunde moja, mara chache mbili. Katika kipindi cha tatu kuna sauti ndogo inasema "Mwalimu, mimi," na juu yake Mwalimu anasema "Ndiyo, Were," na sauti hiyo ni yangu, sikukumbuka kwamba niliwahi kujaribu, nimeirudia mara nyingi.

Wiki iliyopita alinisomea karatasi yangu bila kujua ni yangu.

"Msikilize huyu mtoto," akasema. "Miaka kumi na sita nafundisha, hakuna aliyewahi kuniambia wazi hivi."

Macho yake yalilowa. Nikajibu kwamba ni vizuri, naye akacheka. "Wewe naye unaongeanga kama mtu maneno yanamuuma meno."

Sasa karatasi hiyo ndiyo atakayoanza nayo Jumamosi mbele ya walimu wa Kiswahili wa shule jirani, mjini Kakamega, na hakungoja hata Jumamosi, amewatoa wanafunzi kumi na mmoja wa kidato cha pili wanaonyamaza, amewakalisha safu moja, anawapa orodha za maneno wakariri. Mmoja wao ni Wendy wa jirani yetu, ambaye huniongelesha Kiswahili kwenye ua mpaka mama yake amwite, na juzi alikataa kwenda shule kwa sababu wenzake wanawaita safu ya mabubu. Hilo nimelifanya mimi. Nikisema ukweli nitakuwa nimemwambia Mwalimu kwamba kosa ni lake na kwamba nilimdanganya, hatanipigia tena, na sijui nitabaki na nani. Nifanye nini?

Msichana wa Matete

*

Mwanangu,

Pole kwa siku hizo za kimya. Kungoja nyumbani peke yako kunachosha kuliko kulima, na siwezi kukucheka kwa kumshikilia mtu mmoja anayekuita kwa jina.

Lakini umekosea. Mwalimu wa lugha husikiliza makosa ya watoto kutwa, na ya kwake hana wa kumsikilizia. Mkaguzi huja, hukaa nyuma, hutia alama kwenye fomu, huenda zake. Mimi nilifundisha Kiswahili miaka tisa kabla ya kazi hii ya kujibu barua gazetini, na kila darasa liliponinyamazia nililaumu nyumbani kwao. Sikurekodi hata kipindi kimoja, nadhani niliogopa. Khalayi hakuogopa. Alitafuta njia ya kujisikia akifanya kazi ili aifanye vizuri zaidi, nawe ukamjibu kwa adabu. Adabu ya namna hiyo ni dharau. Uliamua kwamba hawezi kuubeba ukweli alioutafuta mwenyewe.

Naye amekosea, kwa kujenga juu ya karatasi moja ilhali rekodi zake anazo. Hilo atajifunza, na ni wewe utakayemfunza.

Nenda kabla ya Ijumaa. Usimwambie kwamba hawapi watoto nafasi. Mpe rekodi ya kipindi cha tatu, mwombe ahesabu sekunde yeye, na umwache asikilize. Kisha mwombe awarudishe wale kumi na mmoja mahali pao kesho yake, na akiuliza swali ahesabu moyoni hadi tano kabla ya kumwita mtu. Omba ruhusa ukae nyuma uandike nani amesema. Jumamosi awe na jambo la kweli la kuwaeleza wenzake, hata likiwa nusu ukurasa.

Atakasirika? Huenda. Huenda wiki nzima ipite bila simu yake, na itakuuma. Lakini leo anampenda mtoto aliyeandika ile karatasi, na mtoto huyo hayupo. Mpe nafasi akujue wewe.

Na rekodi isitangulie. Ukiwa bado mlangoni, kabla hujakaribishwa kiti, sema kwa sauti ya kusikika: "Mwalimu, ile karatasi niliiandika mimi, na si kweli."