Kadi Ghali na Bangili ya Pili ya Shangazi

Mpendwa Bi Radhiya, shikamoo, na baada ya kukutakia heri wewe na wanao nakuomba unishike mkono kabla mwezi haujaisha, maana nimekaa na jambo kifuani na kila ninayemuuliza ananicheka, ananiambia wenzako wanamwendea mshauri kulilia waume na wewe unalilia kompyuta.

Mimi nina miaka ishirini na tisa, naishi Malindi ya hapa Unguja, na kazi yangu ni kupiga video za harusi, hasa zile shughuli za wanawake watupu, na wewe unazijua, mwanamume hakanyagi ukumbini, kamera ishikwe na mwanamke, na hata kuhariri baadaye kufanywe na mwanamke, kwa sababu watu wamevua mabuibui, wamejipamba, wamecheza, na stara yao wamenikabidhi mimi. Kwa hiyo siwezi kupeleka kazi kwenye studio za wanaume zenye mashine kubwa, lazima niimalize mwenyewe chumbani kwangu, na kompyuta yangu imechoka, video ya saa moja inachukua saa sita kutoka, mara nyengine inakaribia mwisho inaganda na naanza upya, na maharusi wawili wanadai video zao mpaka leo, na mmoja wao harusi ya mdogo wake kampa mtu mwengine.

Fundi akaniambia dawa yake ni kadi ya picha, kile kifaa kinachochomekwa ndani ya kompyuta kibebe kazi ya video, na dukani Darajani nikaonyeshwa mbili, moja ya laki tisa na nusu na nyengine ya milioni moja na laki sita. Hapo ndipo anapoingia shangazi yangu, Bi Mwanakhamis wa Makunduchi, mkulima wa mwani, ndiye aliyenilea tangu mama yangu afariki nikiwa na miaka saba, na kila nilichonacho, hata kusoma Qur-ani, hata hiyo kamera ya kwanza, kimepitia mkononi mwake. Nilipomweleza hakuuliza mengi, akaenda bombani, akapaka sabuni, akavua bangili moja ya dhahabu kati ya mbili alizovishwa siku ya harusi yake, tukaenda naye kwa sonara Mkunazini, ikauzwa milioni moja na laki mbili, na njia nzima ananichekesha. Bi Radhiya, sijui nimshukuru vipi, nikisali namtaja yeye kabla ya nafsi yangu.

Kosa langu ni kuwa wiki iliyopita alinipigia simu kuuliza kama nimeshanunua, na mimi kwa mdomo wangu nikamwambia bado, ipo nyengine nzuri zaidi. Wallahi nilisema tu. Jumatano akabisha hodi, mkono mtupu, na bangili ya pili imo ndani ya kitambaa. Nikamwambia, "Shangazi, hii hapana." Akasema, "Bangili moja hailii, mwanangu, nnaitikisa kimya tupu. Chukua ununue hicho kizuri, nshakupa." Akanywa chai, akarudi zake.

Na nikwambie ukweli wote, hiyo kadi kubwa naitaka. Kamera yangu ni ya kawaida, si hizi mpya za 4K zenye picha kali, lakini ile kadi ghali ina kumbukumbu mara mbili na taa za rangi zinazozunguka, na muuzaji kasema ile ya bei ndogo itamaliza video kwa dakika hamsini na hii kwa arubaini, tena hutojuta. Wameniwekea mpaka mwisho wa mwezi. Nikiiuza bangili nitakuwa nimemvua shangazi dhahabu yake ya mwisho, nikiirudisha nitakuwa nimemtupia zawadi yake usoni, na kwetu kitu ukishapewa hakirudishwi. Nifanye nini?

Tahiya, Malindi

Bi Radhiya anajibu:

Marahaba, Tahiya. Waliokucheka waambie nawasalimu. Mwanamke mwenye kazi yake ana haki ya kulilia kompyuta, tena inastahili machozi kuliko baadhi ya waume wanaoliliwa kwenye ukurasa huu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilitafuta kitambaa cha kufutia macho. Wengi wananiandikia kuhusu jamaa waliowala. Wewe umeniandikia kuhusu aliyekulisha, nami nakushukuru kwa hilo, umeifanya siku yangu kuwa njema.

Sasa nikugombeze. Mimi kompyuta naijua ya kuandikia tu, kwa hiyo nilimpelekea barua yako Bwana Wakil, fundi wetu hapa gazetini, mtu asiye na kadi ya kuuza. Akaniambia kwa kamera kama yako ile kumbukumbu ya ziada itakaa bure, hiyo ni ya wanaohariri 4K na wanaotengeneza katuni. Akauliza kama umepima kile kisanduku cha umeme cha kompyuta yako, kwa sababu kadi kubwa inakula umeme zaidi, na cha zamani huenda kisiweze ukalazimika kununua na hicho. Hukuuliza, sivyo? Uliangalia taa za rangi. Zitamwakia nani, ndani ya sanduku la chuma, chumbani kwako peke yako?

Na hizo dakika kumi! Laki sita na nusu kwa dakika kumi, mwanangu. Hata ukiwa na harusi nane kwa mwezi, umeokoa saa moja na dakika ishirini, na hizo utazimaliza kwenye simu. Kutoka saa sita mpaka dakika hamsini ndiyo safari yenyewe, na safari hiyo bangili ya kwanza imeshailipia. Muuzaji simlaumu, yuko kwenye biashara yake. Nakulaumu wewe uliyemwendea mwenye duka akupunguzie matumizi.

Fanya hivi. Nunua ile ya laki tisa na nusu, wiki hii, usingoje mwisho wa mwezi. Inabaki laki mbili na nusu, mwambie fundi akuongezee RAM, yaani kumbukumbu ya kompyuta yenyewe, maana Bwana Wakil anashuku huko kuganda kunatokana na RAM ndogo, na akague hicho kisanduku cha umeme kabla hajachomeka kitu. Kinachobaki kiweke. Kisha wamalizie kazi hao maharusi wawili na uwaombe radhi, bila ya kuwasimulia habari za mashine, wao wanataka video yao. Siku utakayonunua kamera ya 4K kwa jasho lako, urudi dukani uchukue kadi kubwa, na mimi nitakupongeza.

Tuje kwenye bangili. Unasema kwetu kitu hakirudishwi. Kweli, lakini kwetu hapahapa sahani ya jirani inarudi, ila hairudi tupu. Akikuletea futari, unarudisha chombo chake na chako ndani, na hakuna aliyewahi kusema ametupiwa zawadi usoni. Basi malipo ya kwanza utakayopata kwa kadi mpya, toa humo ununue doti ya kanga, uchague jina zuri, uifunge bangili ndani yake, uende Makunduchi. Na hilo neno la bangili moja hailii usilitie moyoni, alikuwa anakutafutia sababu ya kupokea. Ile iliyouzwa imekwenda na heri. Ukijaaliwa utamnunulia nyengine, lakini si leo na si kwa mkopo.

Atakataa. Atakwambia, "Nshakupa." Usibishane naye, wala usimwelezee kadi, kadi haimhusu. Na tafadhali usimwambie hukuihitaji, neno hilo linauma. Mtu aliyemlea mtoto wa nduguye kwa kipato cha mwani, miaka ishirini na miwili, anakaa na swali ambalo hamuulizi mtu: je, nilichompa kilimtosha? Ulipomwambia ipo nzuri zaidi, alidhani umemjibu. Ndiyo maana alivua na ya pili.

Kwa hiyo mshike mkono, mvishe wewe mwenyewe, na umwambie haya tu: "Shangazi, ile ya kwanza ilitosha."