Picha ya Jeneza la Mama

Jumatatu, 2 Juni
Picha ya leo: birika jikoni. Siku ya tisa ya mazoezi. Imetoka giza, mvuke hauonekani kabisa. Nimerudia mara kumi na nne na ya mwisho ndiyo mbaya kuliko zote.

Najifunza upya kama mtoto wa chekechea, na studio hapa Mlabani ninayo miaka kumi na saba. Kisa ni Tausi, mke wa kaka yangu. Karani wa mashine ya mpunga, simu yenyewe kioo kimepasuka. Kila asubuhi kabla ya kazi anapiga picha moja, anaiweka kwenye stetasi. Moja tu. Mwaka mzima hajaruka siku. Leo kaweka kandambili za wapakiaji mlangoni mwa ghala, zina tope. Kandambili jamani! Nimeziangalia mara tano. Wivu unanitafuna. Naandika hapa kwa sababu sina pengine pa kusema.

Jumatano, 4 Juni
Picha ya leo: mzee wa Kisukuma na ng'ombe wake. Nikamwamkia, akakubali kupigwa. Halafu mdomo ukasema wenyewe: simama wima, mikono chini, kidevu juu, usicheke. Mazoea ya picha za pasipoti. Mzee akakauka kama nguzo. Hata ng'ombe katoka mchangamfu kuliko yeye.

Jioni Mama katuita, mimi na Tausi. Anataka picha ya kuwekwa juu ya jeneza lake. Haumwi, ni mzima, shamba analima. Ila mwezi uliopita tulimzika dada yake kule Malinyi, na picha yake ilikatwa kwenye picha ya harusi ya watu. Bega la mtu mwingine likabaki pembeni, waombolezaji wote wanalitazama. Mama hajasahau. "Mimi sizikwi na bega la mtu," kasema. Jumapili ya tarehe 15 tumpige wote wawili, kila mmoja kivyake, atachagua mwenyewe.

Wote wawili! Mimi mtoto wa tumbo lake, mwenye studio, nashindanishwa na mkwe. Nikasema sawa Mama. Nikaenda kulia bafuni.

Ijumaa, 6 Juni
Picha ya leo: hakuna. Nimenuna.

Jumapili, 8 Juni
Picha ya leo: mama wa jirani anapepeta mchele, ukungu wa asubuhi. Sikumpanga. Sikumwambia chochote. Nikasubiri tu mpaka akanisahau. Imetoka! Makapi yanaonekana yakiruka. Nilifurahi mpaka saa mbili, nilipofungua stetasi ya Tausi. Ukungu huohuo, baiskeli ya magunia inajitokeza, gurudumu la mbele tu ndilo linaloonekana.

Sijanywa chai.

Jumatano, 11 Juni
Tausi kaja studio. Shikamoo wifi, kakaa kwenye kiti cha wateja, kauliza kwa adabu: Mama nimpige saa ngapi? Nikamjibu saa saba mchana, nje, palipo wazi. Jua likiwa kali picha inatoka safi, nikamwambia. Kanishukuru kwa mikono miwili.

Saa saba jua liko utosini. Macho yanakuwa mashimo, pua inatupa kivuli mdomoni. Nalijua hilo tangu sijaolewa. Nimemdanganya, na wakati nasema moyo ulikuwa umetulia kabisa. Hilo ndilo linalonitisha.

Picha ya leo: kiti cha wateja, kitupu.

Jumapili, 15 Juni
Mama kavaa kitenge kipya, cha zambarau. Baada ya misa nikampeleka studio, pazia jeupe, taa mbili. Nikajiapiza sitampanga. Nikampanga. Kidevu juu Mama, mikono chini Mama. Halafu kwenye kompyuta vidole vikaenda vyenyewe: nikamlainisha ngozi, nikamng'arisha. Wateja wangu wote wanataka hivyo, "nitoe mweupe dada". Nikafuta mikunjo. Nikafuta hata kovu la jembe pale shavuni.

Saa saba Tausi akampiga nje, uani. Vilevile nilivyomwelekeza.

Jioni Mama akaziweka mbili mezani. Ya Tausi inatisha, macho hayapo. Yangu akaishika muda mrefu. "Huyu mzuri," akasema. "Wajukuu watauliza ni bibi wa nani." Kisha akasema basi, hii, maana ile nyingine inamfanya aonekane keshakufa tayari. Tausi akatazama chini.

Nimeshinda.

Jumatatu, 16 Juni
Stetasi ya Tausi: hakuna kitu. Vizuri.

Alhamisi, 19 Juni
Siku nne hajaweka picha. Leo nikaenda mashineni. Nilikwenda kumwangalia alivyoumia, nisijidanganye. Alikuwa anahesabu magunia, mpunga umeanikwa kwenye maturubai kila upande. Kanipa simu nimwone mwanae alivyong'oka jino. Kidole changu kikateleza kwenye kioo, nikaona picha inayofuata.

Mama. Jumapili ileile, saa moja asubuhi, kabla ya misa. Yuko kwenye kigoda, anafunga kilemba, ncha ya kitambaa ameing'ata kwa meno. Jicho moja linamwangalia Tausi, anakaribia kucheka. Kovu lipo. Mama yupo mzimamzima.

Nikamuuliza mbona hukumwonyesha hii. Akasema, "Wifi, jua la saa saba nalijua. Nimelipiga mwaka mzima."

Kumbe alijua tangu siku ile kwenye kiti. Akaniambia niliutaka ushindi mno, akaona Mama ni wangu, acha nishinde. Ila aliumia, akasema, ndiyo maana mkono hauendi kwenye simu asubuhi.

Nilitamani ardhi ipasuke. Na nikiwa na aibu yote hiyo, nikamchukia dakika nzima. Hata katika hilo kanizidi.

Ijumaa, 20 Juni
Picha ya leo: hakuna. Nimemwomba Tausi anitumie ile yake. Kauliza ya nini. Nikasema nitumie tu.

Jumapili, 22 Juni
Nimeichapa asubuhi, kubwa, karatasi nzuri. Sikugusa kitu. Mara tatu mkono ulienda kumng'arisha, mara tatu nikaurudisha.

Nikampelekea Mama chumbani. Akaitazama, akacheka kwa sauti, akajigusa kovu. Akauliza nani kapiga. Tulikuwa wawili tu. Neno "mimi" lilikuwa limeshafika mdomoni, naapa.

Nikasema ni Tausi. Nikamwambia na ya saa saba, yote. Mama akasema neno moja la Kipogoro ambalo siliandiki hapa. Nililistahili.

Wivu haujaisha. Kesho nitafungua stetasi yake na roho itaniuma tena, najijua.

Mama akaifunga picha kwenye khanga, akaiweka chini kabisa ya sanduku, pamoja na nguo zake za kuzikiwa. Akafunga sanduku. Kisha akaniambia nikamwite Tausi, wali unapoa.